Nani atundike shida sebuleni? Jibu kwa mchoraji wa Morogoro

SWALI: Mimi ni fundi wa kuchora mabango hapa Morogoro, na jioni nachora picha zangu mwenyewe. Nimemaliza picha ya kina mama wanaoponda kokoto kando ya barabara. Mteja wangu mmoja ameiangalia akasema nimeharibu rangi bure: "Nani atundike shida sebuleni kwake?" Rafiki yangu aliyesoma chuo anasema zamani kulikuwa na wachoraji wa Ulaya waliochora mambo haya haya, na yakawaletea matatizo. Walikuwa akina nani, na walitaka nini? Na je, ndio wale wale wa Urusi wenye picha za wafanyakazi wanaotabasamu wakiwa na nyundo na mundu?

JIBU: Ndugu yangu, rafiki yako amekuambia kweli. Tena picha inayotajwa mara nyingi kuwa ndiyo iliyofungua mlango huo ni ya kazi ile ile uliyoichora wewe, kuvunja mawe ya barabara. Nianze nayo na nikae nayo kidogo, maana ukishaielewa hiyo, nyingine zinafuata bila taabu.

Mwaka 1849 Gustave Courbet, mtoto wa familia yenye mashamba huko Ornans, mashariki mwa Ufaransa, alikuwa njiani akawakuta watu wawili wakivunja mawe. Mmoja mzee wa miaka kama 70, mwenzake kijana. Akawaomba waje kesho yake kwenye chumba chake cha kuchorea. Picha iliyotokana na hao wawili inaitwa Wavunja Mawe. Upana wake ulikuwa karibu mita 2 na nusu, na watu wake walikaribia kimo cha binadamu halisi. Nasema "ulikuwa" kwa sababu picha yenyewe haipo tena. Ilikuwa mali ya jumba la sanaa la Dresden, Ujerumani, na inaaminika iliteketea wakati mji huo ulipopigwa mabomu Februari 1945. Zimebaki nakala za kamera.

Itafute, hata kwenye simu, uikuze. Mzee amepiga goti moja juu ya majani makavu. Nyundo ameiinua, lakini si juu kwa mbwembwe. Ni kimo cha mtu anayejua kwamba siku bado ndefu na nguvu lazima zigawanywe. Kofia imemfunika uso. Amevaa viatu vya mbao, na soksi zimetoboka hadi kisigino kinaonekana. Kijana ametupa mgongo. Amebeba kikapu cha mawe amekiegemeza kwenye paja, shati limechanika ubavuni, suruali inashikiliwa na mkanda wa begani. Pembeni kuna sufuria, kijiko na kipande cha mkate, ndicho chakula chao cha mchana. Nyuma yao kilima kimepanda mpaka karibu na ukingo wa juu wa picha, kikaacha kipembe tu cha anga. Jicho halina pa kukimbilia, linabaki pale pale kwenye mawe na migongo.

Courbet aliandika kwenye barua kwamba katika kazi ile mtu huanza kama yule kijana na kuishia kama yule mzee. Kwa hiyo ukipenda unaweza kuisoma kama picha ya mtu mmoja, mwanzo wake na mwisho wake, na katikati hakuna kilichobadilika isipokuwa mgongo.

Sasa, kwa nini watu walikasirika? Hapa wengi wanakosea. Wanadhani Courbet alikuwa wa kwanza kuwachora maskini. Hapana. Pieter Bruegel alichora wakulima wakivuna na kulewa katika karne ya 16, na ndugu watatu wa Le Nain walichora familia za wakulima wa Ufaransa katika karne ya 17. Waholanzi walichora walevi wa vilabuni mpaka wakachoka. Matajiri walizinunua picha hizo kwa furaha na kuzitundika. Mteja wako angeshangaa: shida imetundikwa kwenye sebule za wenye fedha kwa miaka mia kadhaa, mradi tu iwe ndogo, iwe ya kuchekesha au ya kuliza kidogo, na ikae kwenye kona yake.

Kilichowaudhi ni ukubwa. Chuo cha kifalme cha sanaa cha Ufaransa kilikuwa kimepanga picha kwa vyeo tangu karne ya 17. Juu kabisa zilikaa picha za historia, yaani manabii, miungu ya Kigiriki, wafalme na vita vyao. Chini yake sura za watu mashuhuri, kisha maisha ya kila siku, kisha mandhari na wanyama, na mwisho matunda mezani. Turubai kubwa lilikuwa haki ya wale wa juu. Mtu wa kawaida akichorwa, achorwe kwenye kipande unachoweza kukibeba kwapani. Courbet akapeleka Salon, maonyesho makuu ya serikali mjini Paris yaliyofunguliwa Desemba 1850, picha ya wavunja mawe wawili wasio na majina, na pamoja nayo picha ya maziko kijijini kwao yenye upana wa zaidi ya mita 6, imejaa majirani zake wenye pua nyekundu na nguo nyeusi za kanisani. Maziko ya mtu wa kawaida yalipewa nafasi ambayo hata wafalme waliipata kwa nadra.

Halafu kuna wakati wenyewe. Februari 1848 Wafaransa walimwondoa mfalme, na wiki chache baadaye kila mwanamume mzima akapewa kura. Waliokuwa wakipiga kura hapo awali walikuwa kama laki mbili na nusu. Ghafla wakawa milioni 9, na wengi wao watu wa mashambani. Juni mwaka huo huo wafanyakazi wa Paris waliinuka wakapigwa risasi na jeshi, wakafa kwa maelfu. Mei 1850 bunge likapitisha sheria iliyowaengua wapiga kura kama milioni 3, wengi wao maskini wanaohamahama kutafuta kazi. Miezi 7 baadaye bwana mmoja wa Paris anaingia kwenye maonyesho na mkewe, anakutana na mvunja mawe wa kimo chake mwenyewe. Hakuhitaji mtu wa kumfafanulia.

Na jambo la tatu, ambalo kwangu ndilo kubwa: hao watu hawaombi. Hawamtazami mtazamaji, hawalii, hawanyooshi mkono. Mchoraji wa huruma angegeuza uso wa mzee utuangalie kwa macho ya maji, nasi tungetoa sarafu, hata kama ni ya moyoni tu, tukaondoka na amani. Courbet alitunyima nafasi hiyo. Wana kazi, nasi tumesimama tu. Nadhani hilo ndilo lililowakera wengi bila wao wenyewe kulijua, wakabaki kulalamika kwamba picha ni mbaya na rangi zake chafu.

Mwaka 1855, picha zake mbili kubwa zilipokataliwa kwenye maonyesho ya kimataifa ya Paris, Courbet alijenga banda lake karibu na hapo, akaliita la Uhalisia, akatoza kiingilio. Ndipo jina hilo la kuchora maisha jinsi yalivyo liliposhika. Alikuwa mtu wa majivuno, msema ovyo, na siwezi kukuambia kwamba kila alichokifanya kilikuwa cha busara. Baada ya kuingia katika serikali ya wananchi wa Paris mwaka 1871 alifungwa miezi 6 kwa kuhusishwa na kuangushwa kwa mnara wa Napoleon, kisha akadaiwa gharama za kuusimamisha upya, zaidi ya faranga laki tatu. Akakimbilia Uswisi na kufia huko siku ya mwisho ya mwaka 1877.

Mwenzake wa zama hizo, Jean-François Millet, alikuwa na tabia tofauti kabisa: mpole, mtu wa dini, mtoto wa wakulima wa Normandy aliyeshika jembe mwenyewe. Picha yake Waokota Masazo ya mwaka 1857 haifiki hata mita moja na robo kwa upana. Inaonyesha wanawake watatu, wawili wameinama kabisa na mmoja yuko mbioni kuinama, wakiokota masuke yaliyobaki baada ya mavuno. Anayejua hadithi ya Ruthu shambani kwa Boazi anaielewa mara moja, maana ni haki ile ile ya maskini. Ila angalia nyuma, kwa mbali: magari ya ngano yaliyojaa, marundo marefu kama nyumba, na msimamizi juu ya farasi. Shamba ni lile lile, msimu ni ule ule. Millet hakupiga kelele yoyote, ameweka tu vitu viwili ndani ya fremu moja. Mhakiki mmoja aliwaita wanawake hao miungu watatu wa kudra waliovalishwa matambara, na wengine walinusa harufu ya mapinduzi kwenye migongo ile iliyoinama.

Kwa kuwa unauza picha, na hili ulisikie. Picha nyingine ya Millet, ya mume na mke waliosimamisha kazi shambani kusali kengele ya jioni ilipolia, aliiuza mwenyewe kwa bei ya chini sana. Mwaka 1889, miaka 14 baada ya kifo chake, ilipigwa mnada Paris kwa faranga 553,000. Kisa hicho kilikuwa moja ya sababu zilizotajwa sana wakati Ufaransa ilipopitisha sheria ya mwaka 1920 ya kumpa mchoraji na warithi wake fungu kila picha inapouzwa tena.

Honoré Daumier nitampitia haraka, ingawa anastahili barua yake peke yake. Yeye alichora kwa chapa za jiwe, yaani picha inachorwa kwenye jiwe laini kisha inapigwa chapa nakala nyingi kwa ajili ya magazeti. Alipomchora mfalme akimeza kodi za wananchi, alifungwa miezi 6 mwaka 1832. Chapa yake ya 1834 inaonyesha familia iliyouawa na askari chumbani, baba ameanguka kando ya kitanda akiwa na nguo za kulalia, na chini ya mwili wake kuna mtoto mchanga. Serikali ilizikusanya nakala na kuziharibu kila ilipoziona. Kumbuka hilo la nakala, nitalirudia.

Twende Urusi, maana ndipo penye mkanganyiko wako. Kuna Urusi mbili hapa, na zisichanganywe.

Ya kwanza ni ya karne ya 19. Novemba 1863 wanafunzi 14 wa chuo cha kifalme cha sanaa mjini St. Petersburg, wakiongozwa na Ivan Kramskoi, walikataa mada ya mtihani wa mwisho. Walitakiwa kuchora karamu ya mungu Odin, hadithi ya watu wa kaskazini mwa Ulaya, wakati nchini kwao wakulima walikuwa wametoka utumwani miaka 2 tu iliyopita. Wakaondoka chuoni na kuishi kwa ushirika. Kutoka humo, mwaka 1870, kikazaliwa chama cha maonyesho ya kusafiri, ambacho kiliacha kuwasubiri watu waje mji mkuu na badala yake kikawa kinazipeleka picha mikoani kwa treni. Vasily Perov, aliyekuwa mmoja wao, tayari mwaka 1866 alikuwa amechora watoto watatu wanaovuta pipa la maji lililoganda barafu, wamefungwa kamba kama farasi.

Lakini picha ya kuikazia macho ni ya Ilya Repin, Wavuta Majahazi wa Volga, iliyokamilika mwaka 1873. Wanaume 11 wamefungwa mikanda ya ngozi vifuani wanavuta chombo kizito dhidi ya mkondo wa mto. Anayeongoza, mwenye kitambaa kichwani, ni Kanin, aliyekuwa padri kabla ya kuvuliwa daraja. Repin alimkuta kwenye mto wenyewe na kumwomba amchore. Katikati kuna kijana ambaye nguo yake nyekundu imefifia. Anaushika mkanda wake kuulegeza na kuinua kichwa, mmoja tu aliyenyooka katika safu nzima. Na mbali, upande wa kulia, tazama moshi mdogo: ni meli ya mvuke. Mashine ya kufanya kazi hiyo ipo, imeshafika kwenye mto ule ule, ila mtu bado ni rahisi zaidi. Mnunuzi, usishangae, alikuwa mtoto wa mfalme mwenyewe, Mwanamfalme Vladimir. Aliitundika kwenye chumba cha kuchezea biliadi. Ukipenda mwambie mteja wako habari hiyo.

Urusi ya pili ni ya Stalin. Mwaka 1932 chama tawala kilivunja vikundi vyote huru vya wasanii, na mwaka 1934, kwenye mkutano mkuu wa waandishi mjini Moscow, ukatangazwa uhalisia wa kijamaa kuwa ndio njia rasmi. Hapo ndipo walipotokea wafanyakazi wako wanaotabasamu. Kwa mkono na rangi zinafanana na za Repin, na wakuu wa sanaa wa Kisovieti walimsifu Repin kama babu yao. Tofauti iko kwa anayelipa na kinachoruhusiwa kuonekana. Courbet na Repin walikuwa wakionyesha nchi kitu ambacho wenye nchi hawakutaka kukitazama. Mchoraji wa mwaka 1935 aliajiriwa na wenye nchi wenyewe, akapewa kazi ya kuonyesha kesho kana kwamba ni leo. Mkulima wa kwenye turubai alikuwa na mashavu mekundu na meza iliyojaa, wakati mwaka 1932 na 1933 mamilioni walikufa kwa njaa Ukraine na kwingineko. Sisemi hakuna picha nzuri hata moja ya aina hiyo. Wapo waliokuwa na mkono wa ajabu. Ila ukinipa mzee wa Courbet na dereva wa trekta wa Stalin, ni yule mzee tu ninayeamini kwamba anaumwa mgongo.

Kwa hiyo siasa peke yake haiharibu picha. Käthe Kollwitz wa Berlin alikuwa na msimamo wazi kuliko wote. Mumewe alikuwa daktari katika mtaa wa wafanyakazi, na akina mama waliokuja kutibiwa ndio aliowachora. Kati ya 1893 na 1897 alitengeneza chapa 6 kuhusu wafumaji wa Silesia walioasi mwaka 1844. Ya kwanza ina mtoto mgonjwa kitandani na mama ameshika kichwa kwa mikono miwili. Ya mwisho, maiti zinaletwa ndani ya chumba cha mtambo wa kufumia. Mwaka 1898 majaji walipendekeza apewe medali, Kaisari Wilhelm wa Pili akakataa. Lakini chapa zilishatoka. Hapo ndipo narudia lile la Daumier: picha moja ya mafuta humngoja tajiri mmoja, chapa mia moja zinaweza kuingia nyumba mia moja.

Nyumba gani, ndilo swali la mteja wako, na jibu zuri kuliko yote halitoki Ulaya. Linatoka Lubumbashi. Katika miaka ya 1970 mji ule wa migodi ya shaba ulikuwa na wachoraji wengi wa mtaani, wa aina yako kabisa, waliochora kwa rangi za bei nafuu kwenye turubai la magunia ya unga, wakauza kwa wafanyakazi, makarani na walimu. Anayejulikana zaidi ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Alichora historia nzima ya Kongo katika picha kama mia moja, akiieleza kwa Kiswahili cha Katanga mbele ya kinasa sauti cha mtafiti Johannes Fabian. Humo kuna wachimbaji waliopigwa risasi walipogoma mwaka 1941. Hakusubiri mtu wa chuo amwambie uhalisia ni nini.

Na picha zilizopendwa sana mjini humo zilikuwa zile zinazoitwa Koloni ya Wabelgiji: mfungwa mwenye sare ya mistari amelazwa kifudifudi uwanjani kwa boma, askari mweusi anamchapa, Mbelgiji amesimama anaangalia, na wenzake wa mistari wanaendelea na kazi. Watu waliinunua hiyo kwa fedha zao na kuitundika sebuleni, juu ya viti, wageni wakija waione. Hawakuinunua ili wasikitike. Ilikuwa habari yao. Babu aliweza kuinyooshea kidole akaanza kusimulia. Huko sebuleni shida ilikuwa na mwenyewe.

Tukirudi kwenye picha yako, nimeitazama uliyotuma, na nikushauri mambo machache bila kukubembeleza.

Kina mama wako wanatuangalia, wote watatu. Jaribu nyingine ambamo hawana habari nasi. Yule wa kushoto umemchora akiwa amekaa vizuri kama kwenye picha ya studio. Aliyeponda kokoto tangu asubuhi hakai hivyo, bega la mkono wa nyundo hushuka na kiuno huhama upande. Kaa nao kwanza, uchore mikono tu kwa penseli. Anga lako ni zuri mno, umelifanyia kazi kuliko miguu yao. Lipunguze. Na barabara nayo ionekane, kwa sababu kokoto zinakwenda mahali fulani: gari linalobeba, au ghorofa linalojengwa kwa mbali kama meli ya Repin, litasema mengi bila wewe kuandika neno.

Ukubwa nao ufikirie. Wewe ni fundi wa mabango, unazo mbao na mkono wa kuchora mita 3 bila kutetemeka, kitu ambacho wachoraji wengi wa majumba ya sanaa hawana. Kwa nini kina mama hawa ni wa sentimita 50 wakati chupa ya soda unaichora kubwa kuliko mlango?

Lingine ni la adabu. Waombe ruhusa, waonyeshe kazi ikiisha, na ikiuzwa wapate chochote. Florence Owens Thompson, mama aliyepigwa picha na Dorothea Lange huko California mwaka 1936 akiwa na wanawe kwenye kambi ya wavunaji, alikuwa uso unaojulikana Marekani nzima, na miaka zaidi ya 40 baadaye alilalamika kwamba hakupata hata senti. Lange alikuwa akifanya kazi ya serikali na hakuiuza picha ile kwa faida yake, lakini lawama ya mama yule bado inasikika, na ni ya haki.

Kuhusu soko, usimngoje mteja yule yule. Chonga picha moja kwenye ubao laini au kipande cha lino, yaani kile kitandiko cha sakafu kinachochongeka kwa urahisi, piga nakala 20 kwa wino mweusi, ziuze kwa bei ambayo mwalimu wa shule ya msingi anaweza kulipa. Ile kubwa iweke mahali ambapo wapondaji wenyewe wanapita. Wakisimama na kuanza kubishana nani ni nani, na nyundo imeshikwa sawa au la, wasikilize vizuri kisha urekebishe.